Kaburi la Mpishi

Siku aliyokufa, Mpishi alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya uji, mwiko mkononi, mzima wa afya.

Aliyekuwa akimuua ni mwanawe wa kumzaa. Mtoto alikaa kwenye benchi la bwalo, amezungukwa na wanafunzi wa kigeni waliokuja kujitolea, miguu mitupu inaning'inia, anasimulia kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani nyumbani kuomba sukari. Mama yake, alisema, aliugua kifua. Mama yake alikuwa akikohoa ndani ya mto ili yeye asisikie. Siku ya mwisho alimwita karibu, akamwambia soma mwanangu, kisha akageukia ukutani na hakugeuka tena. Dereva wa makao, ambaye ndiye aliyefanywa mkalimani kwa kuwa alikuwa ameokotaokota lugha ya wageni barabarani, aliyageuza maneno hayo, na wale wanafunzi wakaanza kuvuta kamasi mmoja baada ya mwingine.

Mpishi akakoroga uji. Ulikuwa umeshaiva, hauna haja ya kukorogwa, lakini alikuwa amekatazwa kuliangalia lile benchi, na alihitaji mahali pa kuweka macho.

Mambo haya yalikuwa na utaratibu wake. Makao yale yaliitwa makao ya yatima, na yatima wa kweli walikuwemo, hakuna anayebisha. Wengine wote walikuwa na mzazi mahali fulani: huyu mama yake anafua nguo mtaa wa pili, yule baba yake analinda ghala la watu. Waliletwa pale kwa sababu pale palikuwa na shule, na nje ya pale shule ilikuwa ya wenye nacho. Mkurugenzi hakuwaficha wazazi kitu. "Wageni hawavuki bahari kuja kumwona mtoto wa maskini," aliwaambia. "Maskini wanao hata kwao. Wanavuka bahari kwa ajili ya yatima. Sikuwaumba mimi." Basi mzazi aliyetaka mwanawe asome ilimpasa afe. Siyo kufa kabisa. Kufa kiasi.

Mpishi alikufa kiasi mwaka ule ule mumewe alipokufa kabisa. Aliomba kazi ya jikoni ili walau awe karibu, akapewa kwa sharti. Watoto wote wa makao walimwita Mama. Mama niongeze. Mama, huyu kanifinya. Mmoja tu alikatazwa, naye ni huyo wa kwake. Huyo alitakiwa amwite Shangazi, maana Mkurugenzi alisema neno mama likitoka kinywani mwake linatoka na kitu ndani yake, na wageni wana masikio.

Jumamosi kabla wageni hawajaja, watoto walifanya mazoezi ya hadithi. Kila mmoja alikuwa na yake, ameshonewa na Mkurugenzi mwenyewe. Viatu vilikusanywa na kufichwa stoo nyuma ya magunia ya mchele, kwa kuwa yatima mwenye viatu hapigwi picha. Na ukuta wa bweni ulikuwa ukisubiri. Kundi lililopita liliupaka bluu, hili likaupaka njano, lijalo litaupaka chochote watakachokuja nacho. Ukuta ule ulikuwa umenenepa kwa huruma. Paa juu yake lilivuja toka siku lilipoezekwa, lakini paa ni la kupanda ngazi, na wazazi wa kule ng'ambo hawataki watoto wao wapande ngazi.

Mtoto wa Mpishi walimwita Cherehani, kwa sababu akianza kusema hakati uzi. Ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Wenzake walisema hadithi zao kama watu wanaosoma bei dukani, yeye alitia chumvi mpaka mtu mzima akaona kitanda, mto, ukuta. Na siku hiyo ya uji, akiwa amewashika wageni wote mkononi, aliona haya kuishia pale.

"Na kila Jumapili," akaendelea, "naenda kaburini kwake. Nang'oa magugu. Namwambia nimepata ngapi darasani."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

Maana kaburi halikuwemo. Hadithi zote za makao zilikoma kitandani au mtoni, na kwa sababu nzuri: kaburi lina mahali pake, na kitu chenye mahali mgeni anaweza kuomba kupelekwa. Dereva angeweza kuliruka neno hilo, lakini alilipitia kama mtu anavyopitia shimo ambalo ameliona amechelewa. Likatoka.

Mbaya zaidi, Cherehani hakuwa ametunga. Kila Jumapili alikwenda kaburini kweli, akang'oa magugu kweli, akataja alama zake kwa sauti. Ni kaburi la baba yake. Mama alitembea mbele, mtoto nyuma, mbali mbali kama watu wasiojuana, na huko ndiko pekee walikoitana kwa majina yao ya kweli.

Katika wale wageni alikuwemo msichana ambaye watoto walimpa jina la Madoadoa kwa ajili ya uso wake. Alikuwa na umri wa watoto wa kidato cha tatu au cha nne, mpole, hajui kupiga brashi, anapaka rangi nyingi mikononi kuliko ukutani. Hakuwa akilia na wenzake. Sasa alisimama, akasema kitu kwa sauti ndogo, na Dereva akakuna shingo.

"Anasema na yeye mama yake amezikwa," Dereva alisema, akiangalia sakafu. "Mwaka jana. Anasema rafiki yake ni shujaa kumzidi, maana yeye hajaweza kwenda hata mara moja. Anaomba wampeleke."

Cherehani aligeuza kichwa, akamtafuta mama yake jikoni. Ndipo alipoelewa alichofanya. Mpishi alimwona anaelewa, naye hakuruhusiwa hata kumkonyeza.

*

Kesho yake wageni walikuwa na mradi. Ukuta walikuwa wameshaumaliza na siku bado zipo, kwa hiyo wangemjengea mama wa Cherehani kaburi la saruji.

"Karibu, dada. Kaa," Mkurugenzi alisema, na Mpishi, aliposikia anaitwa dada, akajua pana jambo. Siku zote alikuwa Mpishi tu, au wewe.

Ofisi ilikuwa na feni iliyosukuma hewa ile ile ya moto kutoka pembe moja kwenda nyingine. Ukutani zilibandikwa picha za makundi yote yaliyopita, vijana wameinua brashi, na katikati ya kila picha mzee mmoja mnene mwenye kofia. Huyo alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya makao. Mpishi alimfahamu tangu zamani kwa jina jingine. Wachimba mawe walimwita Tajiri.

"Mtoto wako ana kipaji," Mkurugenzi alianza.

"Alikosea. Nimeshamgombeza."

"Hakukosea! Ametufungulia mlango. Hujaona wale watoto wanavyolia? Sasa wanataka kaburi, na kaburi, dada, unalo."

"Lile ni la baba yake."

"Kaburi ni kaburi. Wageni hawatafukua wahakikishe."

"Lina kibao."

"Ndiyo maana nimekuita."

Mpishi alishika ukingo wa kiti. Kile hakikuwa kibao cha fundi. Kilikuwa kipande cha bati, wachimba mawe walikikata wenyewe na kukiandika kwa rangi nyekundu asubuhi ya mazishi, wakigombana nani ana mwandiko mzuri. Juu waliandika jina la marehemu. Chini yake waliandika: JABALI LILIKUWA LIMEPASUKA. TAJIRI ALIAMBIWA.

Maana aliambiwa. Mume wa Mpishi ndiye aliyetumwa na wenzake kumwambia, akatoka machimboni kifua wazi, akaonyesha kwa kidole ule ufa uliokuwa ukipanuka juu ya vichwa vyao. Tajiri alitazama ufa, akatazama lori lililokuwa halijajaa, akasema wamalizie kwanza lori. Wakaenda kumalizia. Baadaye wenye ofisi zao waliandika kwamba ilikuwa bahati mbaya, wakafunga faili, na kokoto za lori lile lile zikaenda kujenga bweni la yatima. Watu wakapiga makofi. Wengi wameshasahau. Bati halikusahau, limesimama pale jua na mvua, na kila Cherehani alipokwenda Jumapili alilisoma kwa sauti, kwa sababu ndilo alilojifunzia kusoma.

"Utaling'oa lile bati," Mkurugenzi alisema. "Siku moja tu. Wakiondoka nitalirudisha mwenyewe."

"Juu ya saruji? Wenyewe watakuwa wameshaandika jina langu."

"Jina tu."

Mkurugenzi alipangusa meza kwa kiganja.

"Na Mwenyekiti, Mungu ambariki, ametoa kokoto bure. Leo leo analeta."

"Kokoto za machimbo?"

"Kwani kuna kokoto za dukani?"

Feni iligeuka, ikaenda, ikarudi. Mpishi aliona kokoto zile zinamiminwa tena juu ya kifua kile kile. Alitaka kusema, lakini Mkurugenzi hakuwa amemaliza. Alivuta kiti karibu, akashusha sauti kama mtu anayechumbia.

"Baba yake yule msichana amepiga simu. Anataka kumsomesha huyu wako mpaka mwisho. Sekondari, chuo, mpaka mwisho. Unajua mwisho uko wapi, dada? Hata mimi sijui. Mtoto wako anaweza kufika mahali wewe na mimi hatujui hata panaitwaje. Wewe unachotakiwa ni kubeba vikombe, kusimama pembeni, kuwa Mpishi. Umeshazoea."

"Na nikikataa?"

"Nani katamka kukataa?" Alicheka kidogo. "Mimi ninachosema ni kwamba hapa tunalea yatima. Asiye yatima, moyo unaniuma, lakini nitamweka wapi?"

*

Alimkuta Cherehani nyuma ya bweni, kwenye kamba ya nguo, amejificha katikati ya mashuka mabichi. Huko mtu angeweza kuzungumza, mradi mikono inaanika.

"Umekasirika, Shangazi?"

"Wageni wako mbele. Niite vizuri."

"Umekasirika, mama?"

"Kaburi umelitoa wapi? Si mlifunzwa?"

"Lilitoka lenyewe." Mtoto aliminya kibanio cha nguo, akakifungua, akakiminya. "Wote wanasema kitanda, kitanda. Mimi nilitaka wangu afe vizuri."

Mpishi alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine. Akatandaza shuka usoni mwake kwa muda.

"Madoadoa kanipa hiki," Cherehani alisema. Kilikuwa kibanio cha nywele chenye ua la kahawia, kimepoteza petali moja. "Ni cha mama yake. Anasema tukiweke ndani ya saruji, ili mama zetu wawe pamoja. Nilimwambia sitaki, akafikiri naona haya. Nifanyeje?"

"Kitunze."

"Nikiandika jina lako pale, utakufa?"

"Hakuna mtu anayekufa kwa kuandikwa."

"Baba waliandika kwenye daftari la machimbo kwamba yupo, akafa. Sasa wewe wanaandika kwamba umekufa na upo." Alifikiri. "Hawa watu hawajui kuandika."

"Shika ncha hiyo ya shuka. Kaza."

Wakakaza shuka kati yao, mmoja huku mmoja kule, kama watu wa kazi moja.

"Mama, ile shule ya mpaka mwisho ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nitaandika," Cherehani alisema. "Wewe usiogope."

Hilo ndilo lililomtia Mpishi hofu kuliko yote aliyoyasikia siku ile. Aliunguza maharage, jambo ambalo halijawahi kutokea, na watoto wakala wakimtazama kwa jicho la pembeni.

*

Asubuhi alitangulia peke yake na kapu la vikombe. Bati lilikuwa limeota kutu pembeni na halikutaka kutoka. Alilitikisa, akalipigia magoti, akaliambia maneno ambayo mke humwambia mume aliyelewa ili asogee kitandani. Lilipong'oka lilimkata kiganja. Akalifunga kwa kitambaa cha jikoni, akalilaza chini ya vikombe.

Kokoto zilikuwa zimeshashushwa, rundo zima, za kijivu, zina vumbi lile ambalo alilikung'uta kwenye shati la mumewe kila jioni ya ndoa yao.

Gari la makao lilifika, wanafunzi wakateremka na masepetu na glavu mpya. Dereva alibaki nyuma. Huyu naye alikuwa mchimba mawe zamani, alifukuliwa hai upande wa pili wa jabali lile lile, na ndiye aliyeshinda ugomvi wa mwandiko. Mkurugenzi alikuwa amempiga marufuku kumwita Mpishi shemeji, kwa sababu shemeji lazima awe mke wa mtu.

"Umeling'oa," alisema, macho kwenye ile nafasi tupu.

"Nimeling'oa."

"Shemeji." Alisema polepole. "Ile rangi nyekundu tuliiba machimboni. Unakumbuka?"

"Nenda ukatafsiri."

Kazi ilianza. Walikuwa watoto wema, hilo lisemwe, na wema wao ndio uliofanya kila kitu kiwe kigumu. Mmoja mrefu aliyeitwa Ngongoti alimwaga maji mengi mno kwenye saruji ikawa supu, wakaongeza kokoto, ikawa jiwe, wakaongeza maji. Walicheka, kisha wakakumbuka wapo makaburini wakaacha kucheka. Mpishi aliwagawia maji ya kunywa. Kila sepetu la kokoto lililotua lilimpiga hapa, chini ya titi, na yeye akasema karibu, karibu, ongeza maji.

Mkurugenzi alizunguka na simu, anapiga picha. "Sogeeni. Mtoto katikati. Binti, usicheke. Vizuri."

Madoadoa alipiga magoti, akachukua kile kibanio kutoka mkononi mwa Cherehani, akakibusu, akakisukuma ndani ya saruji upande wa kichwa mpaka ua peke yake likabaki nje. Kisha akatoa msumari mfukoni. Alikuwa ameusafisha. Akampa Cherehani, akasema neno.

"Uandike jina la mama," Dereva alisema. Sauti yake haikuwa na mafuta.

Cherehani aliinua macho, akamtazama Mpishi mara moja, haraka. Mpishi alitazama vikombe.

"Andika, binti," Mkurugenzi alisema, simu imeinuliwa.

Cherehani akainama, akaandika herufi ya kwanza. Nzuri, imesimama, kama alivyofundishwa kwa lile bati. Akaandika ya pili. Mpishi alijiambia ni saruji tu. Alijiambia hajafa leo, amekufa siku nyingi, leo wanamalizia tu makaratasi. Alijiambia sekondari, chuo, mpaka mwisho. Akathubutu kutazama.

Mkono wa mtoto haukuwa ukitetemeka. Ncha ya ulimi ilikuwa nje, imebanwa na meno, kama anapofanya hesabu za nyumbani. Alikuwa ameshaacha kuogopa. Alikuwa akitaka jina litoke vizuri. Na Mpishi akaona jinsi itakavyokuwa: Jumapili moja mtoto huyu, mkubwa, amevaa viatu, amesoma mpaka huko mwisho, anakuja hapa na wageni wake, anang'oa magugu, na yeye mwenyewe yuko mahali fulani pembeni, mzee, amebeba vikombe. Na mtoto hatakuwa anaigiza.

Herufi ya tatu.

Vikombe vilidondoka. Mpishi alikuwa magotini kabla hajajua ameondoka alipokuwa, na kiganja chake, kile kilichokatwa, kilipita juu ya saruji kikafuta herufi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Kokoto zilimkwaruza. Ikabaki alama ya vidole vitano na mstari mwembamba wa damu.

Ngongoti alisema kitu kwa mshangao. Mkurugenzi alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya picha, na alizungumza bila kuondoa tabasamu.

"Mpishi. Inuka taratibu. Sema umeteleza."

"Sikuteleza."

"Unajua unachokipoteza?"

"Shemeji," Mpishi alimwita Dereva, kwa sauti, neno lile lililokatazwa. "Mwambie huyu msichana. Mama wa huyu mtoto ni mimi."

Dereva alimtazama Mkurugenzi. Alitazama gari, ambalo halikuwa lake. "Shemeji, na mimi nina watoto," alisema.

"Najua. Nimewapikia. Mwambie."

Dereva akavua kofia. Katika lugha ile ilikuwa sentensi fupi sana, ungefikiri anataja saa.

Madoadoa hakuelewa, kisha akaelewa. Aliwatazama wawili wale waliopiga magoti pamoja, paji la uso lile lile, mwanya ule ule wa meno, na kila mtu aliyekuwa pale aliona uso wake unavyokunjamana kama karatasi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliuliza kitu, akimwuliza Cherehani, siyo mwingine.

"Anauliza kama yale mengine pia ulidanganya," Dereva alisema. "Uliyomwambia kule bwenini, kwamba maumivu yanapungua."

Cherehani alitikisa kichwa. Aliingiza vidole kwenye saruji, akachimbua kile kibanio, akakipangusa kwa pindo la gauni, petali kwa petali, akamnyoshea. Madoadoa alikipokea. Alikifumbata, akaenda hatua chache, akasimama amewapa mgongo. Halafu akageuka, akauliza tena, na macho yake sasa yalikuwa makavu.

"Anauliza," Dereva alisema, "kama ni hivyo, kaburi hili ni la nani?"

"Twende garini!" Mkurugenzi alipiga makofi. "Jua kali, wageni, twende!"

Mpishi alikuwa ameshavuta kapu. Alilifungua bati mbele ya wote. Dereva alilisoma bila kuliangalia, alikuwa analijua. Alitafsiri jina. Alitafsiri jabali. Kwenye mstari wa mwisho alisita, akautafsiri nao. Ngongoti akauliza, na safari hii hata wasiojua lugha ile walielewa anauliza tajiri ni nani. Dereva hakujibu kwa mdomo. Alitazama rundo la kokoto, akalitazama kwa muda mrefu, na wale watoto wa watu wakaanza kuvua glavu moja moja.

Mkurugenzi aliwasukumiza garini kama kuku. Kabla hajapanda alimwinamia Mpishi sikioni. "Kesho usije. Na huyu wako asije. Na Mwenyekiti nampigia sasa hivi." Mlango ukabamizwa. Katika dirisha la nyuma Madoadoa alikuwa akiwatazama, hakupunga mkono, hakugeuka pia.

Vumbi lilitua. Walibaki wawili, saruji mbichi mbele yao, jua linapanda.

"Sasa umefufuka?" Cherehani aliuliza.

"Nimefufuka."

"Na shule?"

Shule ile ilikuwa imeondoka na gari, na nyingine Mpishi hakuijua. Viatu vya mtoto vilikuwa bado nyuma ya magunia ya mchele. Alikuwa kama mtu aliyetoroka na bado hajui ametorokea wapi.

"Saruji inakauka," alisema. "Chukua msumari."

"Niandike nini?"

"Jina la baba yako. Na hayo ya kwenye bati."

"Yote? Hayataenea."

"Nafasi ikikosekana, fupisha jina. Mstari wa mwisho usiuguse."

Cherehani akalaza bati gotini kama alivyofanya alipokuwa anajifunza kusoma, akaanza. Saruji ilikuwa ikikaza. Herufi za kwanza ziliingia kwa urahisi, za katikati zilitaka nguvu, na alipofika kwenye Tajiri alishika msumari kwa mikono miwili. Mpishi alimshikilia mabegani asiteleze. Kule barabarani ngurumo ya gari ilianza kusikika, linakuja, na haikuwa ya gari la makao, ilikuwa nzito zaidi, kama ya lori la machimbo.

"Mama, kuna gari."

"Nimelisikia." Hakugeuka. "Endelea. Bado neno moja."